Maganda ya Mpunga si Takataka, wala Mwenye Kuyachoma si Kuni

Ndugu wanachama,

Siku hizi maneno ni mengi juu ya kutoa stima katika takataka za shamba: maganda ya mpunga, mabua ya mahindi, vifuu vya nazi. Wengine wanasema ni njia ya kupotezea fedha, wengine wanasema ni mali iliyokuwa imelala chini ya miguu yetu. Sisi twasema kazi hii ni nzuri, na twataka ifike kwetu. Lakini haki ya mtu atakayesimama mbele ya tanuru ifike pamoja nayo, isiachwe nyuma.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Ukichoma maganda nje, hewa ni tele, huwaka yote yakabaki majivu. Lakini ukiyatia katika tanuru la chuma lililofungwa, ukalipa hewa kidogo tu, hayawaki yakaisha. Hupata joto kali, hugeuka makaa, na hapo hutoka gesi ambayo yenyewe yaweza kuwaka. Gesi hiyo hupitishwa katika maji na machujio ili kuondoa lami na vumbi, kisha huingia katika injini, injini ikazungusha jenereta. Mchoma makaa wa msituni anaujua moto huu wa kunyimwa hewa, ila yeye huiacha gesi ipotee angani.

Wala jambo hili si geni. Wakati wa vita vya 1939 mpaka 1945, petroli ilipoadimika Ulaya, makumi ya maelfu ya magari ya Sweden yaliendeshwa kwa gesi ya kuni na makaa. Huko Bihar, katika Bara Hindi, kijiji cha Tamkuha kilianza kupata stima ya maganda ya mpunga mwaka 2007. Mtambo wa namna ile hula maganda kilo 50 hivi kwa saa na kutoa kilowati 30 hivi.

Na sisi je? Tazameni Mwea, penye mpunga mwingi kuliko mahali pengine pote Kenya. Katika kila kilo 100 za mpunga, kilo 20 hivi ni maganda. Tukihesabu kwa tahadhari, kilo 2 za maganda kwa uniti moja, magunia matano ya kilo 100 yatatoa uniti 50 za stima. Basi lundo lile nyuma ya mashine ya kukoboa si uchafu.

Sisi wa reli tuna sababu ya kusema habari za moto. Reli hii katika miaka yake ya mwanzo ilikula kuni, na mikaratusi ililetwa nchini mwaka 1902 ipandwe iwe kuni za injini. Habari za miti hiyo zimeandikwa vitabuni. Habari za mikono iliyoitia motoni ni chache sana. Hatutaki iwe hivyo tena.

Maana tanuru hili lina hatari yake. Gesi yake ina kaboni monoksaidi nyingi. Ni ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani, dirisha limefungwa. Haina rangi, haina harufu. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, akadhani ni uchovu, akakaa chini apumzike, asiamke. Tena maji yaliyosafisha gesi hubaki na lami yenye sumu. Yakimwagwa mferejini yatafika shambani. Na vumbi la majivu huingia mapafuni mwa mwenye kuyazoa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi akiripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, asitakiwe kurudi pale mpaka hatari iondolewe. Sheria hiyo hiyo inataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Lakini mtambo mdogo wa kijiji huendeshwa na watu wachache tu. Nani atawasemea hao? Hapo ndipo pana kazi ya chama.

Basi madai yetu ni haya. Kwanza, kila mtambo uwe na chombo cha kupima gesi hiyo na kupiga kengele, na nyumba yake iwe wazi hewa ipite. Pili, mwenye kulisha tanuru na kuzoa majivu afundishwe kazi, apewe cheti, alipwe kama fundi wala si kama kibarua wa siku. Tatu, maji machafu yawe na mahali pake. Nne, bei ya maganda iandikwe mapema. Maganda yasipokuwa na bei hayana mwenyewe. Yakipata bei, wenyewe watakuwa wengi, na mkulima atasukumwa nyuma.

Mtu atasema: mkidai hivyo tajiri atakimbia, na kijiji kitabaki gizani. Hatukubali. Bei ya kengele ni ndogo ukiilinganisha na bei ya injini. Tena mtambo huu hauendi kwa kubonyeza kitufe. Maganda yakiwa mabichi, au machujio yasiposafishwa, lami huziba vali na injini husimama. Anayejua kulizuia hilo ni mtu aliyefundishwa. Tajiri anayemnyima mtu huyo mshahara wa haki anaharibu mali yake mwenyewe.

Kwa hiyo twaomba kila tawi lililo karibu na mashine za mpunga au kiwanda cha mazao liulize mambo haya manne kabla mkataba haujatiwa sahihi, si baada ya mazishi. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Haya ndiyo maoni yetu.

Wenzenu wa Reli