Rangi Haitibu Kutu

Gari kuukuu si aibu. Katika nchi ambayo magari mengi huingia yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo, kulitunza gari kwa mikono yako mwenyewe, nyumbani kwako, ni kujitegemea kwa vitendo. Lakini ipo tofauti kubwa baina ya kulitunza gari na kulipamba, na tofauti hiyo yaweza kumgharimu mtu maisha yake.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba waijua kutu ya chumvi ya bahari. Ndugu zetu wa Mbeya na Iringa, miji iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hawana chumvi hiyo. Kutu yao huletwa na mvua za Novemba hadi Aprili na tope linaloganda chini ya gari. Chanzo ni mbali mbali, dawa ni moja: kuikwangua hata bati safi lionekane. Apakaye rangi juu ya kutu ameifunika tu, nayo huendelea kulila bati mpaka rangi ivimbe na kubanduka.

Kwa hiyo mwenye fedha chache na aanze kwa jasho, si kwa kopo la rangi. Aoshe gari kwa sabuni na kuondoa grisi, akwangue kutu kwa brashi ya waya na msasa namba 80, azibe mabonde kwa puti na kuilainisha, apake praima, kisha aisugue kwa msasa wa maji namba 400 hadi 600. Msasa wa maji hupunguza vumbi, na vumbi la rangi ya zamani huenda lina madini ya risasi yanayodhuru watoto. Vioo na taa vifunikwe kwa magazeti. Rangi ipakwe mikono miwili au mitatu myepesi, kila mkono ukingoja uliotangulia ukauke. Huko Nyanda za Juu, baridi na umande wa asubuhi za Juni na Julai huifubaza rangi. Heri kungoja jua lipande.

Jambo moja lisifanywe nyumbani: kupuliza rangi inayochanganywa na dawa ya kukaushia yenye aisosaneti. Ukungu wake huweza kuleta pumu, na kitambaa puani si kinga. Kazi hiyo iachiwe gereji yenye vifaa.

Kwa viongozi tuna maneno mawili. Kwanza, VETA, pamoja na SIDO iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ziwafikie mafundi rangi wa mitaani kwa mafunzo mafupi na ya bei nafuu. Pili, wakaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama wasiridhike na mng'aro. Wainame chini ya gari, watazame fremu na mabomba ya breki. Gari linaloteremka Kitonga mkoani Iringa, au Iwambi huko Mbeya, haliokolewi na rangi mpya.

Naye abadilishaye rangi akumbuke kuwa rangi ya gari imeandikwa katika kadi yake. Aiarifu mamlaka ya usajili.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayepaka rangi ili kumficha mnunuzi kutu hauzi gari, anauza ajali. Tukwangue kwanza, ndipo tupake.