Bagamoyo na maswali ya watoto

Likizo ilipokaribia, ndugu yetu mmoja mfanyabiashara alituma picha za wanawe wakiwa Istanbul, mbele ya Msikiti wa Sultan Ahmed. Wanangu wawili, binti wa miaka minane na mdogo wake wa kiume wa miaka mitano, walizitazama mpaka simu ikazimika, kisha wakaniuliza ni lini sisi tutakwenda kuuona mji wa kale. Posho ya katibu wa kamati ya msikiti wasomaji wanaijua: ni dua. Lakini mji wa kale tunao karibu. Tukaenda Bagamoyo.

Tulitoka Msamvu baada ya Alfajiri, tukabadilisha gari Chalinze na tena Msata, na kutoka hapo ni kilomita 64 za lami hadi pwani. Mzazi mwenye watoto wadogo asijaribu kuumaliza mji huo kwa siku moja. Nasi tulilala, na Kaole tukaiendea asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, tukiwa na kofia na maji ya kutosha.

Magofu ya Kaole yana msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Paa halipo, lakini mihirabu ingali imesimama. Mwanangu alisimama kati ya kuta zile akageuka huku na huku, kisha akauliza: "Baba, huku hakuna mlima. Walijuaje kibla?" Kwetu Morogoro mjini amezoea kwamba ukisimama kusali, Uluguru iko mgongoni. Nikampeleka mbele ya mihirabu, akaigusa kwa viganja viwili. Nimesoma miaka mingi chuoni juu ya kuenea kwa Uislamu katika pwani hii, na sidhani kama nimewahi kuulizwa swali zuri kuliko lile.

(Kuna mbuyu pale, na mwongozaji akatusimulia imani ya wenyeji kwamba anayeuzunguka huongezewa umri. Kabla sijafungua kinywa, kijana wangu alikuwa katika mzunguko wa pili. Nilimshika mkono, nikamwambia kwa upole nani ndiye mwenye umri wetu.)

Alasiri tulikwenda makumbusho ya misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868. Najua wapo watakaouliza kwa nini niliwapeleka watoto wa Kiislamu huko. Niliwapeleka kwa sababu huko ndiko ilikohifadhiwa minyororo. Sisi tumehifadhi nini cha wale waliofungwa?

Binti yangu aliitazama kwa muda mrefu. Akauliza waliofungwa walikuwa nani, nikamwambia ni watu wa bara, walioletwa kwa miguu hadi baharini. Akauliza tena: "Na waliowafunga walikuwa Waislamu?"

Nilimjibu kwamba watu wabaya wako katika kila dini, nikamhimiza tukatafute madafu. Jibu lile si uongo. Lakini nilipolala usiku ule lilinikereketa, maana mtoto hakuuliza habari za kila dini. Aliuliza habari za sisi, nami nikamkimbia.

Kesho yake, garini tukirejea, nikamwita karibu. Nikamwambia: ndiyo, mwanangu, wengi wa wenye misafara walikuwa Waislamu, walisali na kufunga kama sisi. Wapo na wengine walioshiriki, machifu wa bara walionasa watu na kuwauza, na wafanyabiashara wa nchi za mbali walionunua. Nikamwambia kwamba dini yetu iliufanya uachiaji huru wa mtumwa kuwa kafara na ibada, na kwamba katika Hadithi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu anamtaja amwuzaye mtu huru akala thamani yake kuwa miongoni mwa watu watatu atakaokuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Waliolijua hilo wakafanya kinyume, hesabu yao iko kwa Mola wao. Sisi hatukutumwa kuwatetea. Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kukomesha biashara hiyo baharini mwaka 1873, naye alishinikizwa sana na Waingereza. Hilo pia nikamwambia, ingawa ningependa kulisimulia vingine.

Baadhi ya wazazi wenzangu wanasema maneno kama haya yatamtia mtoto shaka. Mimi nahofia zaidi siku atakayoyasikia kwa mwingine, akajua kwamba babake aliyajua akanyamaza.

Tulipoipita Chalinze na milima ikaanza kuonekana, nikamwonyesha. Nikamweleza kuwa njia ya misafara ilipita chini ya Uluguru, penye mji wa Simbamwene, ambao Stanley aliukuta una kuta za mawe mwaka 1871. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo walipita kwetu."

"Walipita kwetu."

Mdogo wake alikuwa amelala mapajani mwangu. Yeye akaegemea dirisha akiitazama milima mpaka tukafika Msamvu, na tuliposhuka akaniuliza kama waliofungwa, huko njiani, waliruhusiwa kunywa maji ya mto wetu.

Nilimjibu kwamba sijui.