Mirathi ya Muislamu na Hakimu Asiyesoma Faraidhi

Wale washikao kwamba dola isiyo na dini haifai kuhukumu kwa sheria ya dini, na wale wajibuo kwamba Muislamu asiye na kadhi wa serikali amepunguziwa dini yake, wamebishana Tanzania Bara kwa miaka mingi kana kwamba jambo lenyewe halijatendeka bado. Ilhali mahakama za mwanzo, ambazo hakimu wake hashurutishwi kusoma hata mlango mmoja wa fikihi, zimepewa na sheria za nchi mamlaka ya kusikiliza mirathi ya Kiislamu. Sharia, basi, imo mahakamani. Aliyetolewa ni mjuzi wake.

Mtu akifariki akaacha mke, mabinti wawili na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, mali yake, baada ya kutolewa gharama za maziko, madeni na wasia, hugawanywa mafungu 24: mjane hupata 3, yaliyo thumni yake, mabinti 16, yaliyo thuluthi mbili, na ndugu hutwaa 5 yaliyosalia. Hiyo ni hesabu nyepesi. Akifa mmoja wa warithi kabla ya mgao, hata wanavyuoni hutafuta kalamu.

Kenya ilishika njia nyingine, maana mwezi Oktoba 1963 Waziri Mkuu Jomo Kenyatta na mwenziwe wa Zanzibar, Muhammad Shamte, waliandikiana barua ambamo makadhi wa Mwambao waliahidiwa kubakishwa. Katiba ya 2010, katika ibara ya 170, ikawawekea mpaka: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, tena pale tu ambapo wadaawa wote ni Waislamu nao wameridhia kuhukumiwa hapo. Rufaa huenda Mahakama Kuu, ambako jaji husaidiwa na makadhi. Viongozi wengi wa makanisa waliipinga ibara hiyo. Nami hata leo sioni ni haki gani ya Mkristo iliyopotea kwa kuwapo kwake.

Anayestahiki kuhofiwa ni mwingine. Ibara ya 24 ya katiba hiyo imekiri bila kificho kwamba haki ya usawa yaweza kupunguzwa kwa kadiri inayolazimu ili sharia itumike mbele ya kadhi, na binti arithiye nusu ya fungu la kaka yake ajua maana ya maneno hayo kuliko mwanasheria yeyote. Lakini Bara, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 1971, katika shauri la mke na mume Waislamu, kwamba kazi za mke nyumbani huhesabiwa katika kuchuma mali ya ndoa. Mlango kama huo haufai kufungwa kwa jina la dini, na ndiyo sababu uzito wote wa mpango wa Kenya umo katika neno kuridhia, neno ambalo mjane aketiye kati ya shemeji zake hulitamka kwa wepesi mno. Bara ikirudisha makadhi, kama ninavyoona inapasa, kanuni ya kwanza iwe kwamba karani amuulize mwanamke huyo peke yake, shemeji wakiwa nje, kabla jalada halijafunguliwa.