Matete ya Kilolo yanamtegemea nani?

KILA mwaka, ifikapo Novemba na Desemba, watu wa kujitolea hukusanyika Ngulia, ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, na kutega nyavu nyembamba usiku wa ukungu. Ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia wakinaswa, huvishwa pete ya namba mguuni, hupimwa na kuachiwa waendelee na safari. Kazi hiyo ilianza mwaka 1969.

Miongoni mwao yumo ndege mdogo wa matete wa Basra, anayezaliana katika vinamasi vya Iraq na kukimbilia Kenya, Tanzania na Msumbiji wakati wa baridi. Utawala wa Saddam Hussein ulivikausha vinamasi hivyo katika miaka ya 1990, na maji yalianza kurudi mwaka 2003 wananchi walipobomoa kingo. Hadi leo ndege huyo anahesabiwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka duniani.

Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, inajulikana kwa ndege wa aina nyingine. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walimgundua kwale wa Udzungwa katika milima ya Ndundulu, baada ya kushtushwa na miguu ya ndege wasiyemfahamu iliyokuwa ndani ya chungu cha kupikia. (Sayansi nayo huanzia jikoni.) Misitu ile ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2007.

Matete ya mabondeni hayakupata bahati hiyo. Huko ndiko viliko vinyungu, mashamba ya kiangazi ambayo Wahehe wameyalima kwa vizazi vingi. Matete na majani hufyekwa, hufukiwa ndani ya matuta, mifereji huchimbwa, kisha hupandwa mahindi, maharage na mboga. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo ada ya shule na chakula cha miezi ambayo ghala ni tupu.

Tatizo ni kwamba matete ndiyo yanayopunguza kasi ya maji na kunasa udongo. Yakiisha, bonde hukauka mapema, hasa pale mikaratusi inapopandwa kando yake. Maji ya Kilolo huingia Mto Lukosi, kisha Ruaha Mkuu, na kuelekea Kidatu, kwenye mitambo ya megawati 204, hata bwawa la Julius Nyerere. Mkazi wa Dar es Salaam anayewasha taa ana sehemu yake katika matete hayo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mabonde mengi ya vinyungu hayafikii upana huo. Sheria ikisomwa neno kwa neno, hakuna kinyungu kitakachobaki. Ikipuuzwa, hakuna tete litakalobaki.

Katikati wamesimama wanajumuiya ya watumia maji, wanaotambuliwa na Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Nao ni wanakijiji wanaotakiwa kumzuia jirani, pengine shemeji, asifyeke hadi chemchemi, bila mshahara. Mvisha pete wa Ngulia humaliza kazi yake na kurejea kwao. Mlinzi wa matete wa Kilolo atakutana na jirani yule yule kesho, kisimani.