Mikufu ya Uongo Masandukuni Mwetu



Desemba ikikaribia, sisi tulioko huku Australia huwa na safari mbili: kwanza madukani, kisha nyumbani. Na ndani ya sanduku, kati ya sabuni na chokoleti, hakukosi mkufu wa mbegu au makombe ya baharini wenye kikaratasi kinachodai ni kazi ya Waaborijini. Dola kumi tu. Nasema wazi: tuache.

Nami si msafi. Mwaka mmoja nilimpelekea shangazi yangu Tanga mkufu wa namna hiyo. Akauvaa harusini kwa fahari, mpaka jasho lilipomtoka na shingo ikawa nyekundu. "Mwanangu, mbegu gani hizi zinazochuja kama kanga mbovu?" Zilikuwa vipande vya mbao vilivyopakwa rangi. Sikuwa na jibu.

Sasa tazameni kazi halisi. Katika visiwa vya Furneaux, karibu na Tasmania, wanawake wa Kiaborijini hutunga mikufu kwa makombe ya konokono wadogo wa baharini waitwao maireener. Huwaokota kwenye mwani maji yakipwa. Nyama itolewe, kisha gamba la juu liondolewe, ndipo uonekane ule mng'ao wa kijani na buluu. Bibi zao walifukiza makombe kwa moshi, wakayasugua kwa majani, wakayatunga kwa kano za kangaruu. Kila kombe hutobolewa peke yake, na mkufu mmoja mrefu hula mamia ya makombe. Bei yake ni mamia ya dola, hata maelfu. Ukihesabu siku zilizoingia humo, wala si ghali.

Tena kazi hii imeponea chupuchupu. Kuanzia 1833 Waaborijini wa Tasmania walikusanywa Wybalenna, kisiwani Flinders, na wengi wakafia huko. Truganini alipofariki mwaka 1876, dunia ikaambiwa kuwa watu wake wamekwisha. Uongo mtupu! Wanawake wa visiwani waliendelea kutunga na kuwafunza mabinti zao, mpaka kizazi cha akina Lola Greeno. Mkufu wa Truganini mwenyewe ulikuwa katika makumbusho ya Exeter, Uingereza, hadi uliporudishwa mwaka 1997. Wenzetu wamedai mkufu mmoja ng'ambo ya bahari, sisi tunanunua wa bandia bila hata kukigeuza kile kikaratasi.

Atasema mtu: serikali ipo, ingekuwa kosa wangefunga maduka. Mwaka 2018 mahakama iliikuta kampuni ya Birubi Art na hatia: vitu zaidi ya 18,000 vilivyotengenezwa Indonesia viliuzwa kana kwamba ni kazi ya Waaborijini. Mwaka 2019 ikatozwa faini ya dola milioni 2.3, na wakati huo kampuni ilikwisha kuwa mufilisi. Na tazameni kosa lenyewe: kumpotosha mnunuzi. Yaani aliyeonewa mbele ya sheria ni mimi na wewe mwenye dola kumi, si bibi ambaye kazi yake imeigwa.

Wengine watalia kuwa hawana maelfu ya dola. Hata mimi sina. Lakini kule jangwani, karibu na Uluru, wanawake wa Anangu huokota mbegu nyekundu za mti uitwao ininti, wakazitoboa kwa waya wa moto na kuzitunga. Huuzwa na Maruku, shirika lao wenyewe, kwa bei ya watu kama sisi. Ukiingia duka lolote, uliza: nani kautunga, ni wa wapi, na amelipwaje? Muuzaji akianza kumung'unya maneno, rudisha pochi mfukoni. Na kama huna kabisa, mpelekee mama majani ya chai, hatakununia.

Mimi safari hii nina kamba moja ya ininti. Jina la aliyeitunga nimeliandika kwenye karatasi, maana shangazi ataniuliza.