Gereji ya Uani na Maabara ya Shule

Watu wengi hudhani kuwa sayansi hukaa shuleni, na kwamba gerejini hukaa nguvu za mikono tu. Dhana hiyo ni mbovu, na madhara yake huonekana waziwazi katika mji kama Sumbawanga. Shuleni mwanafunzi hufundishwa upanuzi wa metali kwa tufe na pete, na uvukizi kwa nguo iliyoanikwa. Nyuma ya nyumba, pengine hatua mia mbili kutoka ukuta wa shule hiyo, kijana aliyeishia darasa la saba hushughulika na mambo hayo hayo tangu asubuhi hata jioni. Na yale asiyoyajua humwingia mapafuni.

Gereji inayozungumzwa hapa ni ile ya uani: mwembe au paa la mabati, nondo chache, nyundo, mtungi wa gesi, na kompresa ambayo mara nyingine imetolewa katika jokofu bovu. Humo huundwa madigadi, bampa, milango, na kuta za kupakilia mahindi, kila kimoja kwa kipimo cha gari lililoletwa. Ufipa ina sababu ya kuwa na mafundi hawa. Dar es Salaam iko umbali wa zaidi ya kilometa elfu moja, na kabla ya barabara ya Tunduma kupata lami katika miaka ya 2010, mawe na vumbi viliyachakaza magari kuliko miaka. Aliyengoja mlango utoke Pwani aliweza kupitwa na msimu mzima wa mavuno, na mwenye fundi hodari alipata mlango wake baada ya siku chache.

Na uhodari huo si wa kubahatisha. Bati la chuma likigongwa mno hutanuka, likawa na eneo kubwa kuliko nafasi yake. Ndipo hubonyea na kurudi kama kifuniko cha debe. Asiyejua huongeza nyundo, na kasoro ikazidi. Fundi hupasha moto doa moja, kiasi cha sarafu, mpaka liwe jekundu. Chuma cha doa hilo hutaka kupanuka, lakini chuma baridi kilichokizunguka hukizuia, basi hakina budi kunenepa badala ya kutandaa. Kisha hugongwa kidogo na kupozwa kwa kitambaa chenye maji. Kinaponywea huvuta bati lote. Mwalimu wa fizikia na akokotoe mwenyewe: chuma hurefuka kwa sehemu 12 katika milioni kwa kila digrii moja, hivyo doa la milimita 20 likipashwa digrii 700 zaidi hutaka kuongezeka kiasi cha milimita 0.17. Ni kidogo sana, na ndiyo maana fundi huchoma madoa mengi, moja baada ya jingine, kwa mpango anaoujua yeye. Ni vigumu kupata katika kitabu cha kidato cha tatu mfano bora kuliko huu.

Wafipa hawakuanza jana kuongozana na moto. Mababu zao waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, yaani tanuri ndefu za udongo zenye kimo cha mita tatu hivi, ambazo zilivuta hewa zenyewe kwa nguvu ya joto lililopanda, bila mivukuto. Kisha chuma hicho kilisafishwa katika tanuri ndogo iliyovukutwa kwa mikono. Huo ulikuwa ufundi mkubwa, lakini ulikuwa pia siri ya wachache, uliofungamana na dawa na miiko ya fundi mkuu. Chuma cha kununuliwa kilipoenea, tanuri zilizimika na maarifa yakaondoka pamoja na wenyewe. Yaliyosalia ni maelezo machache, kama yale ya Greig ya mwaka 1937 na ya Wise ya 1958 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na kazi ya wanaakiolojia kama Bertram Mapunda, aliyekamilisha mwaka 1995 tasnifu iliyosoma historia hiyo katika masalia ya tanuri na takataka za chuma za kusini-magharibi mwa nchi. Fundi wa leo naye hufunga siri yake. Kipimo cha kuchanganya rangi hakiandiki, na mwanagenzi hukipata kwa kutazama. Tofauti ni kwamba siri ya malungu ilitoka katika udongo na miti ya Ufipa, ambayo fundi aliielewa. Siri ya leo imo ndani ya kopo lililotoka kiwandani, na fundi mwenyewe haijui yote.

Rangi ndiyo hasa penye hatari, ijapokuwa moto nao una zake. Pipa lililokuwa na petroli, likikatwa kwa gesi ili kupata bati, laweza kulipuka hata kama limekauka machoni. Bati lililopakwa zinki likichomelewa hutoa moshi mweupe, maana zinki huchemka kwenye digrii 907 na chuma huhitaji kama 1,500 ili kiyeyuke. Anayevuta moshi huo hushikwa usiku na homa na baridi, akadhani ni malaria. Lakini mambo hayo hujitangaza kwa mshindo au kwa homa. Rangi hunyamaza.

Kwanza itazamwe tabia yake katika hali ya hewa ya huku. Sumbawanga iko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 80 ya ile ya Pwani, na maji huchemka kwenye digrii 94 hivi. Thina nayo huruka upesi zaidi. Inaporuka hunyang'anya joto kwenye bati, na wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, uso wa bati huweza kupoa hadi umande ukatua juu ya rangi mbichi. Hapo rangi ya kukauka upesi huota ukungu mweupe. Baadhi ya mafundi husema thina imechakachuliwa; mara nyingine ni kweli, lakini mara nyingi mwenye kosa ni mvuke wa maji.

Kisha kuna rangi za kisasa zinazochanganywa na hadina. Nyingi za hizo hukauka kwa nguvu ya kemikali ziitwazo isosayanati, nazo hung'aa kama kioo. Ukungu wake ukivutwa huweza kuuzoesha mwili vibaya, na aliyekwisha kupata pumu ya namna hiyo hushikwa hata na kiasi kidogo mno. Kitambaa puani huzuia vumbi tu, na hakizuii molekuli. Pua pia haisaidii, kwa sababu isosayanati hudhuru kabla ya kunukia. Kinga inayotegemewa ni barakoa iletewayo hewa safi kwa mpira kutoka mbali, na chombo hicho hakimo uani. Kwa hiyo neno lisemwe bila kuzungukwa: palipo hakuna barakoa ya namna hiyo, rangi ya hadina isipulizwe. Kuta za kupakilia mahindi na madigadi ya lori vyatosha rangi ya mafuta iliyopakwa kwa brashi. Mteja atakayenung'unika kuwa havimetemeti na anung'unike.

Fundi atajibu kuwa mteja huyo atakwenda ua wa pili, na jibu hilo lina uzito. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, lakini mkaguzi hawezi kuufikia kila ua. Tena ua ni nyumbani. Rangi nyingi za zamani za magari, hasa za njano na nyekundu, zilitiwa risasi, na unga wake ukisuguliwa kwa msasa mkavu hutua juu ya vyombo na mikononi mwa mtoto atambaaye. Msasa wa maji hupunguza unga huo sana, na hauongezi gharama ila ndoo moja, mradi maji yake yasimwagwe bustanini.

Hapo ndipo shule inapohitajika. Rangi na hadina huweza kuuzwa kwa vipimo vidogo, zikamiminwa katika chupa za maji ya kunywa, na maonyo yakabaki dukani kwenye kopo kubwa, tena kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuyasoma maonyo hayo dukani, akayaandika kwa Kiswahili, na mwalimu wa kemia akayasahihisha. Gharama yake ni karatasi, wino na gundi. Lebo hiyo ibandikwe kwenye chupa kabla haijatoka dukani, ili fundi na mwanagenzi wake waisome kabla ya kuwasha kompresa.