Bibi anahitaji wakili kabla ya panga



Kila mzee anapouawa kwa tuhuma za uchawi kule Usukumani, sisi waandishi tunaandika habari ile ile: bibi kizee, macho mekundu, panga, usiku wa manane, polisi wanaendelea na uchunguzi. Kisha tunasubiri nyingine. Kuna neno moja ambalo huwa tunalitupa aya ya mwisho, kama tukilikumbuka. Shamba.

Macho mekundu hayana siri. Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu kuni ni shida, watu wanapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Mtu akae kwenye moshi huo miaka hamsini, macho yabaki meupe kwa dawa gani? Lakini wenye macho hayo ni wengi, na hawatajwi wote. Watetezi wa wazee wamesema kwa miaka mingi kwamba nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna ardhi: mjane anaishi peke yake, na ekari zake kuna mtu anazitaka.

Tuhuma zinapata nguvu kwa sababu haki yake kwenye shamba hilo imeachwa ikining'inia. Kanuni za mirathi ya kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zilisema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Wajane wawili wa Shinyanga, wakati huo Simiyu ikiwa bado ndani ya mkoa huo, walizipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali kwamba zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikalitupa shauri kwa kasoro ya nyaraka. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imevunja haki zao. Waume zao walikufa 1999 na 2000. Sasa bibi wa miaka 75, hiyo miaka kumi na tano ataitoa wapi?

Tena angalieni maajabu haya. Bibi akiuawa na mtuhumiwa akapelekwa Mahakama Kuu bila uwezo wa kulipa, anapewa wakili kwa gharama za serikali. Ni haki yake, sipingi. Ila yule bibi, alipokuwa hai na shemeji anasogeza mpaka wa shamba, wakili alijitafutia mwenyewe.

Wapo watakaosema dawa ni elimu, imani za uchawi ziishe kwanza. Elimu itolewe, sawa. Lakini imani haziishi kwa msimu mmoja wa pamba, na karatasi inapatikana mapema zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatoa hati ya hakimiliki ya kimila, na inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Mume na mke waandikishe majina yote mawili wakiwa hai. Wosia uandikwe mbele ya mashahidi wa ukoo na wa nje ya ukoo. Na mganga anayemtaja mtu kuwa mchawi anatenda kosa chini ya Sheria ya Uchawi, iliyoanza tangu 1928. Ashitakiwe kwa kutaja, tusingoje damu.

Nani atamfanyia bibi haya? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wanaweza kumwelekeza na kumsaidia kupata karatasi, ila hawasimami mahakamani kama mawakili. Tangu 2021 baraza la kata linapatanisha tu kwenye ardhi. Likishindwa, mgogoro unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapo ndipo wazee wengi wanakwama, kwa nauli na kwa kukosa wa kuwasemea. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa 2023, ni jambo jema. Lakini kampeni ni mgeni, kesi ni mwenyeji: mgeni akiaga, shemeji bado yupo.

Ombi langu ni dogo. Halmashauri za Simiyu zitenge fungu la nauli na la wakili kwa mashauri ya ardhi ya wazee. Na sisi waandishi, tukisikia bibi ametajwa, swali la kwanza liwe: shamba lake linapakana na nani?

Nawasilisha.